Kabla ya Kibo, Tafuteni Kilima cha Kuwaumbua

Mjukuu wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kumbe nilikuwa nimesoma sawasawa tangu mwanzo: ninyi vijana saba wa kikundi cha mbio cha huko Dar es Salaam mnataka kupanda Kilimanjaro, msimame Uhuru asubuhi ya tarehe 9 Disemba, na kwa maandalizi mmepanga siku moja tu ya Morningside pale Morogoro, mpige picha, jioni mrudi. Unaniuliza kama inatosha. Halafu unanidokeza kwamba fulana zimeshachapishwa.

Fulana ni nzuri. Morningside haitoshi.

Keti basi nikueleze, nawe ukawasomee wenzako. Unajua babu yako hakuwa mwongozaji. Nilianza kama mpagazi, mmoja wa wale wanaojiita wagumu, nikibeba mizigo ya watu kichwani. Baadaye nikashika mwiko, na mwiko huo sikuuweka chini hadi magoti yalipogoma. Mwongozaji humtazama mgeni miguu. Mimi niliwatazama sahani. Jioni ya pili, pale kambi ya Horombo, nikikusanya vyombo nilikuwa nimeshajua nani atafika na nani atatukesha. Sikupatia kila mara, lakini waongozaji walikuwa wakija jikoni kuniuliza, na hawakuja kwa ajili ya chai peke yake. Kwa hiyo nasaha hizi ni za jikoni. Ukitaka za vitabu, vitabu vipo.

Watu wengi wakitafuta kilima cha mazoezi hutafuta kitakachowasifu. Njia pana, kivuli kingi, kileleni upepo mwanana, unashuka unajiona simba. Simba wa namna hiyo nimewashuhudia wengi wakikataa uji. Kilima cha mazoezi kina kazi moja: kukuumbua mapema, ungali karibu na nyumbani, mahali ambapo gharama ya kuumbuka ni nauli ya basi na malengelenge mawili. Tafuteni kile kitakachowauliza maswali yaleyale mtakayoulizwa huko juu. Mkishindwa kujibu, mmefaidi siku yenu.

Sasa huko juu mtaulizwa nini? Nyote saba mtaniambia: kupanda. Haya, tupige hesabu. Mabanda ya Kibo, kwa njia yetu hii ya Marangu, yako mita 4,703. Usiku wa kilele mtaamshwa kabla ya saa sita usiku, mpande mpaka Uhuru, mita 5,895. Hapo mmepanda mita 1,192. Lakini siku hiyohiyo, bila kulala, mnatakiwa mrudi hadi Horombo, mita 3,720. Hiyo ni kuteremka mita 2,175, karibu mara mbili ya mlichopanda. Kesho yake mnateremka tena hadi langoni, ambako ni chini kidogo ya mita 1,900. Siku mbili, mita kama elfu nne za mteremko. Katika miaka yangu yote sikumbuki mtu aliyerudi akilalamikia mpando. Waliorudi walililia magoti, mapaja, na kucha za vidole vya miguu zilizogeuka nyeusi.

Nikupe kisa. Lilikuja kundi la watu wanane wa ofisi moja ya huko huko Dar, watu wa nidhamu, wanaamka kabla hujawaamsha. Miezi mitatu walikuwa wamefanya mazoezi ya ngazi kwenye jengo lao: ghorofa kumi na nne, mara tano kila jioni, mabegi mgongoni. Niliposikia hivyo niliwavulia kofia. Na kweli, sita kati yao walifika Uhuru. Lakini jioni ile nilipowapelekea supu Horombo, walikuwa hawawezi kukaa kwenye benchi bila kushikwa mikono. Wawili walikuwa wanashuka vidaraja vya banda kinyumenyume, kama mtoto anayejifunza kutoka kitandani. Nikamuuliza kiongozi wao: hizo ngazi za ofisini kwenu mlikuwa mnazishukaje? Akanitazama, akacheka kwa uchungu, akasema, "Mzee, kwa lifti."

Ndiyo hivyo. Paja likipanda hujikunja na kusukuma. Likishuka linafanya kazi ya breki: linanyooka huku limebeba uzito wote, na kazi hiyo huchana misuli vipande vidogo vidogo usivyovisikia mpaka kesho yake, wakati wa kuinuka chooni. Lakini paja lina akili kuliko tunavyolidhania. Likiumia mara moja kwa kuteremka, likapona, mara ya pili haliumii kiasi kile, hata zikipita wiki kadhaa. Kwa hiyo maumivu ya Disemba unaweza kuyalipa Oktoba, tena kwa bei nafuu. Ndiyo maana mtu akiniambia amepata kilima cha mazoezi, simuulizi kina urefu gani. Namuuliza mteremko wake ni mita ngapi kwa siku moja.

Kwa kipimo hicho, Morningside ni mahali pa kujaribia viatu. Nyumba ile ya kale ya Wajerumani ina mandhari, sikatai, na pikipiki zinafika karibu. Lakini ninyi mkiwa pale, inueni macho. Juu zaidi katika milima hiyohiyo ya Uluguru kuna Lupanga, mita 2,138. Mji wa Morogoro wenyewe uko kama mita 500. Mkianza kwa miguu chini mjini mmejipatia zaidi ya mita 1,600 za kupanda na kiasi hichohicho cha kushuka, kwa siku moja, katika msitu wa mizizi, tope na ukungu, mahali ambapo mkono unafanya kazi sawa na mguu. Juu mara nyingi huoni kitu. Picha hamtapata, na ndiyo sababu napapenda. Tangu 2024 treni ya SGR inawafikisha Morogoro kwa kama saa mbili, kwa hiyo sitaki kusikia habari ya foleni ya Kibaha. Pitieni ofisi ya hifadhi mchukue kibali na kijana wa pale wa kuwaongoza; msitu ule humpoteza hata mwenyeji.

Mkishuka Lupanga Jumamosi, Jumapili msilale. Tembeeni tena saa tatu au nne, hata kama ni barabarani, hata kama mnachechemea. Mlima haukuulizi unatembeaje ukiwa mzima. Unakuuliza unatembeaje siku ya nne.

Na mabegi mbebe. Najua wapagazi watawabebea mizigo, na nawaomba msiwazidishie: mwisho wa mzigo anaobebeshwa mpagazi ni kilo 20, na pale langoni mzani upo. Lakini maji yenu, koti la mvua, sweta na kitafunwa mtabeba wenyewe, kilo sita hivi, saba. Anzeni na maji chupani. Mara ya kwanza mkifika juu mwageni nusu kabla ya kushuka, magoti yasije yakashtuka. Mara ya pili shukeni nayo yote.

Mwendo? Huko Dar mnajifunza kukimbia. Huku itawabidi mjifunze kutokukimbia, na hili ni gumu kuliko lile. Waongozaji watawaambia "pole pole" mpaka maneno yawachoshe. Mimi nina kipimo cha jikoni: tembea kama mtu aliyebeba sufuria ya uji iliyojaa hadi mdomoni. Ukiharakisha unamwagika, ukisimama ghafla unamwagika. Mtu wa namna hiyo hahemi kwa sababu hana nafasi ya kuhema. Kama huwezi kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima bila kukata pumzi, uji umeshamwagika. Lupanga nzima iwe ni uji.

Kilima cha pili nawachagulia Hanang. Mita 3,417, juu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara. Ni mbali na ghali kuliko Morogoro, lakini una vitu viwili ambavyo Lupanga haina. Kwanza ni baridi ya kweli. Pili ni usiku: mlima wenyewe ni wa kutwa nzima, kupanda na kushuka, kwa hiyo waombeni wenyeji muanze saa kumi za usiku kwa tochi za kichwani. Saa mbili za giza zitawafundisha mambo ambayo hakuna anayeyafikiria akiwa sebuleni. Mtajua kwamba tochi hukufunga macho kwenye visigino vya aliye mbele yako, na asiyezoea hupatwa na kizunguzungu. Mtajua kama zipu ya koti inafungika ukiwa na glovu. Mtajua tumbo lenu linasemaje mkilipa chai na biskuti saa tisa za usiku, wakati ambao tumbo la Mswahili limelala. Maji bebeni yote kutoka chini, msitegemee kuyapata njiani. Na nendeni mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba, vuli haijaanza. Hanang si mlima wa kuchezea wakati wa mvua. Mwanzoni mwa Disemba 2023 tope, mawe na magogo yaliteremka kutoka kwake yakaipiga Katesh, na watu wengi wakapoteza maisha. Mkifika pale salimieni kwa adabu.

Ndugu yenu wa Nairobi aliniuliza jambo hilihili mwaka juzi nikamwambia aanze na Longonot, mita 2,776, azunguke na ukingo wake wote. Yeye anaishi kwenye mita 1,700 na kitu kila siku. Ninyi mnaishi na samaki. Msijilinganishe.

Hapa sasa niingie kwenye hewa, maana ndipo vijana wenye vifua vya mazoezi wanapodanganyika.

Nilipokuwa mpishi mgeni nilipandisha maharage hadi Kibo. Nilitaka kuwafurahisha wageni. Nikayabandika mapema, nikayachochea, yakatokota usiku kucha yakipiga kelele kama yako kikaoni, na asubuhi yalikuwa kokoto. Tena Kibo hakuna maji. Kila tone wapagazi hulibeba kutoka chini, na mimi nilikuwa nimelimaliza kwenye maharage. Mpishi mkubwa hakunigombeza. Alinipa nitafune mawili, akaniangalia tu. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja, mwalimu wa fizikia, alitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria yangu hapohapo Kibo. Maji yalikuwa yanatokota kwenye nyuzi 84. Kwenu pwani hutokota kwenye 100. Akanieleza kwamba huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, ndiyo maana yanakimbilia kutokota kabla hayajapata moto wa kuivisha kitu.

Hewa hiyohiyo isiyoweza kukandamiza sufuria ndiyo utakayovuta. Oksijeni yake ni sehemu ileile, asilimia 21, uwe Kigamboni au uwe Uhuru. Kinachopungua ni msukumo wa kuiingiza kwenye damu, na kileleni msukumo huo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Hakuna mazoezi ya miguu yanayoondoa hilo. Nimemwona mcheza mpira akitapika Horombo huku shangazi yake anaomba aongezwe wali. Mlima ukimshika mtu, kama tulivyokuwa tukisema jikoni, haumuulizi alikimbia kilomita ngapi.

Dawa ya hewa ni siku. Mwili ukipandishwa taratibu hujirekebisha: unahema haraka zaidi hata usingizini, unakojoa sana, na damu nayo huanza kuongeza chembe zake nyekundu, ingawa hiyo huchukua wiki. Lakini deni hili halina risiti. Ukirudi Dar, baada ya wiki mbili tatu mwili umeshasahau karibu yote, kama mtoto aliyerudi likizo. Hapo ndipo nataka mnielewe, maana nimeona watu wakitupa hela. Lupanga haifundishi hewa hata kidogo. Hanang kwa siku moja inakuonjesha tu. Vilima hivi ni shule ya miguu, ya mavazi na ya tabia. Mtu akikuuzia kilima cha Septemba kwamba kitakuzoesha hewa ya Disemba, mwambie babu yako alipika maharage Kibo.

Mlima Meru je? Wenzako lazima watauliza, na wana haki. Meru ni mita 4,566, na kwangu mimi ndiyo mazoezi bora ya Kilimanjaro duniani, kwa sababu umekaa palepale mlangoni. Unaanzia Momella, kama mita 1,500, ukiongozana na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Unalala Miriakamba, mita 2,514, kisha Saddle, mita 3,570, halafu usiku unapita ukingo mwembamba ambao wengine huapa kwamba unatisha kuliko kitu chochote cha Kibo. Siku tatu au nne. Mtu akishuka Meru, akapumzika siku mbili, akaingia Kilimanjaro, mwili wake unapanda ukiwa umeshajua ngazi ziko wapi. Lakini Meru ya Agosti kwa ajili ya Disemba, hewa yake itakuwa imeshayeyuka. Utabaki na miguu na kujua tu jinsi kichwa chako kinavyopokea mita elfu nne. Hilo nalo si haba. Ila ninyi ni watu wa mishahara na likizo ya kuhesabu. Kama hamwezi kuifanya Meru wiki ileile, iacheni, na fedha yake nunulieni siku ya sita Kilimanjaro.

Hiyo siku ya sita nataka niing'ang'anie. Wanaojua mambo haya wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama: kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 983 kwa mkupuo mmoja. Anayepanda kwa siku tano anaruka hivyo baada ya usiku mmoja tu wa Horombo. Wa siku sita analala Horombo mara mbili, na ile siku ya katikati anapanda hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, anatazama, anarudi kulala chini. Ni mwendo mfupi, hauna cha kuringia, na nimeona sahani zikibadilika kwa ajili yake. Waliobakiza jioni ya kwanza wanakula jioni ya pili. Kwa hiyo kama mnataka tarehe 9 kileleni, langoni mwingie tarehe 5, si tarehe 6. Tarehe yenyewe naielewa. Usiku wa kuamkia 9 Disemba 1961 ndipo Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge kule juu. Ila mjue vuli itakuwa bado, na msituni mtalowa.

Mkilowa, mtagundua thamani ya kuvaa kwenye Lupanga nguo zilezile za Kibo. Wazee wetu husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, na Mawenzi, kwa uvivu, alikuwa anauacha moto wake uzimike, kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Siku moja Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, na ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimekwanguka vile mpaka leo. Mlimani kuna Mawenzi wengi. Anafika Horombo ndipo anaomba glovu, anaomba soksi, anaomba betri. Kila mwenye moto wake anauhitaji. Nendeni soko la Karume huko Dar, au mkija huku nendeni Memorial pale Moshi, kwenye mitumba mtapata koti zuri na soksi za sufu kwa bei ya kibinadamu. Acheni jinzi. Acheni fulana za pamba kugusa ngozi, maana pamba ikilowa inakaa na ubaridi kama mgeni asiyeaga. Hizo zenu za kikundi, vaeni langoni. Viatu vivunjeni ugumu wake kwenye Lupanga, na kabla ya kila mteremko kateni kucha, kazeni kamba za kifundoni. Na usiku wa kilele chupa ya maji igeuzeni kichwa chini, barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi.

Chakula. Nimejizuia kwa muda mrefu.

Huyo Hans Meyer ambaye jina lake liko kwenye vitabu vyenu alikuja 1887 akashindwa. Akarudi 1888, vita vya Abushiri pwani vikamkamata kabla hajafika mbali. Mwaka 1889 akaja tena na mwenzake Ludwig Purtscheller, na safari hii alikuwa amejifunza: akaweka kambi hatua kwa hatua, na watu wa kumpandishia chakula mara kwa mara kutoka Marangu, asilazimike kushuka kila njaa ikiuma. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona nguvu na saa haviwatoshi, wakageuka. Wakashuka, wakala, wakapumzika. Tarehe 6 wakasimama kileleni. Wengine husoma hapo ujasiri wa Wazungu wawili. Mimi nasoma majina yasiyoandikwa ya vijana wa Kichaga waliopandisha vyakula, na nasoma ile tarehe 3.

Kwa hiyo kwenye vilima vyenu vya mazoezi kuleni. Msiende Hanang na karanga mfuko mmoja kwa watu saba, mkajisifu kwamba mmevumilia. Bebeni kile mtakachokula mlimani: ndizi, viazi, mayai, chapati, chai ya tangawizi kwenye chupa. Kila saa moja na nusu kaeni, kuleni hata kama hamu haipo, na kila mmoja amtazame mwenzake. Nani anageuza geuza kiazi mkononi? Nani anatoa chapati yake kwa wengine kwa ukarimu ambao mjini hana? Mtu huyo mfahamuni sasa. Kwenye Kibo hamu ya kula huondoka mapema, na mtu atakuficha kichwa kinachouma lakini sahani hawezi kuificha. Kichwa kikishauma na kichefuchefu kikaja, mtu hapandi tena mpaka viishe. Akianza kuyumba kama mlevi, hawezi kupita mstari mmoja kisigino kwa kidole, au anakohoa na kuhema hata akiwa amekaa, huyo anashushwa usiku huohuo, hakuna cha kungoja kupambazuke. Mwongozaji akisema shuka, hakuna kikao.

Na kuna jambo la hospitali ambalo sisi Waafrika tunalisahau. Kabla ya kulipia chochote, nyote saba mkapimwe selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe kwa kawaida anajijua, na mlima huu si wake. Lakini kuna aliyebeba kinasaba kimoja tu, mzima wa afya, anakimbia nanyi kila Jumamosi, naye hajui. Huko juu oksijeni ikipungua, bandama yake inaweza kuumia vibaya. Akijijua, daktari atamshauri. Vilevile wenye presha na pumu. Na zile tembe za acetazolamide ambazo wenzenu hugawiana langoni kama pipi, nazo ni za kumuuliza daktari. Zinawasaidia wengi, zinakojoza, zinachezesha vidole ganzi, na si za kila mtu.

Zoezi la mwisho, ambalo najua mtalichukia. Siku ya Hanang, kabla hamjaanza, kubalianeni saa ya kugeuka. Tuseme saa saba mchana. Ikifika, popote mlipo, mnageuka, hata kama kilele mnakiona, hata kama kimebaki cha kutupa jiwe. Na nataka nikuombe wewe, mjukuu wangu, kwa kuwa ndiwe wanayekusikiliza, uwe wa kwanza kugeuza mgongo. Nimeona watu wazima wakilia kituo cha Gilman's, mita 5,685, chini kidogo tu ya Uhuru, wakiambiwa imetosha. Hawakuwa wanalia kwa baridi. Hawakuwahi maishani mwao kuona kilele kikibaki palepale wao wakiondoka, na mahali pale ni pabaya kwa kujifunzia.

Ukimaliza kuwasomea, panga tarehe: Lupanga mara mbili, Hanang mara moja, na kuanzia tarehe 20 Novemba msipande kitu, tembeeni tu na mlale vizuri. Tarehe 3 Disemba nawategemea hapa nyumbani. Bibi yako ameshasema vitanda vitatosha, wavulana watalala kwenye mkeka. Nitapika mtori mwenyewe.

Na mkishuka Hanang nipigie simu, hata kama ni usiku. Usiniambie mlifika saa ngapi. Niambie nani alibakiza chakula.

Babu yako,
Marangu